Mkuu Aliyegeuka Ukungu

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeamua. Sikuni nazi tena maishani.

Hali yangu kwa kifupi: nimeoa, lakini hapa Savai'i, kisiwani Samoa, mwanamume akihamia kijijini kwa mkewe ni kama yeye ndiye kaolewa. Sina cheo. Wakuu wana nguzo zao za kuegemea kwenye nyumba ya baraza, kila mmoja na yake. Mimi kiti changu ni mbuzi ya kukunia nazi. Kila Jumapili ndege hawajaamka, mimi nishaamka. Kuwasha kuni, kupasha mawe ya umu, tanuri letu la mawe ya moto, kumenya magimbi, kukamua tui, kumfunika nguruwe kwa majani. Machozi yananitoka. Lupesina, mke wangu, husema, "Falaniko, ni moshi tu." Si moshi tu.

Sasa, habari. Kanisa linatimiza miaka mia. Baba mkwe, mzee Leatuvao, karudi kutoka barazani na neno: wakuu wanataka mpiga picha wa kijiji. Atakayechaguliwa atasamehewa umu moja kwa moja, maana mikono yenye masizi haiwezi kushika kumbukumbu za kanisa. Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikaenda nje kucheka peke yangu.

Kamera ninayo. Dada yangu wa Auckland aliniletea Krismasi, na lenzi yenye jicho kubwa kama bakuli.

Tatizo ni Eliota. Mwanyumba wangu huyu, mume wa Temukisa, dada yake Lupesina. Naye kahamia ukweni, naye anakuna nazi, tunalia moshi mmoja. Kanunua simu yenye macho matatu. Kajigamba mbele ya baba mkwe kwamba simu yake ina akili. Nikasema ni vizuri, nyumba yao ipate angalau moja. Baba mkwe hakucheka. Lupesina alicheka ndani ya shuka.

Alhamisi kila mmoja wetu atapiga picha ya wakuu. Atakayeshinda ndiye.

Jumanne, 4 Juni

Siku ya mazoezi. Nimegundua siri kubwa, na Eliota haijui.

Lenzi ina tundu. Ukilifungua wazi kabisa, picha inakuwa na kina chembamba kama karatasi. Kilicho ndani ya kile chembamba kinaonekana hadi kope. Kilicho mbele yake au nyuma yake kinayeyuka, kinakuwa ukungu laini. Nilimjaribia shangazi Taligalu, shangazi yake Lupesina, amesimama mbele ya nyumba yake ambayo paa lake linasubiri bati tangu kimbunga. Shangazi alitoka kama malkia. Paa likatoweka. Mbwa mwenye upele akatoweka. Shangazi aliitazama, akaishika kifuani, akauliza kama naweza kuipeleka kwa mabinti zake Sydney waache kumwahidi mabati, waanze kumtumia manukato.

Habari ilienea. Kufikia mchana kulikuwa na foleni ya wanawake. Mmoja alitaka choo chake kiyeyuke. Mwingine alitaka nguo za jirani kwenye kamba ziyeyuke. Mke wa mwalimu wa kwaya alimsimamisha mumewe nyuma yake, mbali kidogo, akaniambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, hapo aliposimama, weka ukungu." Nikaweka. Mume alipoiona picha aliuliza yeye yuko wapi. Mkewe akamwambia ndiye yule pale, kama mnazi mfupi. Wanawake walicheka wakashikana mabega, na yeye mwenyewe akaishia kucheka.

Nimelipwa kwa samaki, pai ya nanasi, na sifa. Sifa ndizo nilizozipenda zaidi.

Eliota alipita akachungulia. Kasema hata simu yake inaweka ukungu, tena yenyewe, bila kusumbuka. Nikampa pole.

Jumatano, 5 Juni

Pigo dogo. Nilitaka mwanga wa jioni, ule wa dhahabu, kwa majaribio ya mwisho. Bahati mbaya mwanga wa dhahabu na sala ya jioni vinafika pamoja. Baragumu la kombe la baharini lilipolia, kila mtu akaingia ndani na familia yake. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi barabarani, nikilenga ua la hibiskasi, jua likiwa ukungu wa rangi ya embe nyuma yake. Picha ya maisha. Nikasema sekunde moja tu.

Vijana wa ulinzi wakasimama juu yangu na fimbo zao. Wakauliza kama nimekufa. Nikasema hapana. Wakauliza basi kwa nini sisali. Nikasema nasali kwa macho. Wamenipeleka nyumbani wamenishika kila mmoja na mkono wake, na baba mkwe akasitisha zaburi katikati ili anitazame.

Adhabu: kukuna nazi za wiki nzima, leo hii. Eliota alipewa kazi ya kunisimamia. Alikaa, akala pai yangu ya nanasi, akanipiga picha kwa simu yake nikiwa nakuna. Simu ikafikiri mbuzi ni sehemu ya nyuma, ikaifuta. Naonekana nimechuchumaa hewani, nimekunja uso, sina chochote chini yangu. Temukisa kaituma kwa ukoo mzima.

Sawa. Kesho ni kesho.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeshinda. Naamini nimeshinda.

Wakuu walikaa barazani, nyumba ya duara isiyo na kuta, kila mmoja na nguzo yake. Mkuu wa wakuu ni Mulifusi, mzee mnene mwenye nyusi nyeupe. Yeye nguzo yake iko mwisho wa nyumba. Baba mkwe yuko wa tatu kwa daraja, karibu na upande nilioingilia. Huwezi kusimama wima mbele ya wakuu waliokaa, kwa hiyo niliingia kwa tumbo, kamera mbele, kama kasa anayerudi baharini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Eliota alianza. Alipiga, akawaonyesha. Simu yake yenye akili ilikuwa imemtengenezea Mulifusi ukungu mzuri kuzunguka kichwa, na ikala sikio lake la kushoto. Mulifusi alijigusa sikio. Lilikuwepo. Akaangalia picha tena, akajigusa tena. Msemaji wake alitamka kwamba mkuu anasikia vizuri kwa yote mawili na angependa ijulikane hivyo.

Nikafurahi mno. Hapo ndipo wazo liliponijia. Nani anaamua nikae kwenye umu au nisikae? Baba mkwe. Basi baba mkwe ndiye ang'ae. Nikafungua tundu wazi kabisa, nikafokasi jicho la baba mkwe, nikapiga. Wengine wote wakawa ukungu. Ukungu mzuri, mpana, wa heshima.

Kesho nitawapa picha iliyochapwa. Nimemwambia Lupesina aanze kuzoea mume asiyenuka moshi.

Ijumaa, 7 Juni

Siku mbaya. Sijui nianzie wapi.

Picha ilizunguka barazani kutoka nguzo hadi nguzo. Kila ilipofika, mtu aliitazama, kisha akamtazama baba mkwe. Baba mkwe alionekana hadi vinyweleo vya pua. Mulifusi, ambaye kijiji kizima kinashuka kwenye baiskeli kikipita mbele ya nyumba yake, alikuwa wingu la kahawia. Wakuu wengine walikuwa mawingu madogo. Msemaji wa Mulifusi aliiinamisha, akaiinua, akauliza kwa upole kama mzee Leatuvao amekuwa mkuu peke yake na wengine wamekuwa hali ya hewa.

Baba mkwe alikuwa mwekundu. Nilijaribu kueleza habari ya tundu na kina. Nikasema ni sanaa. Nikasema Ulaya watu wanalipia. Baba mkwe akaniambia, bila kupandisha sauti, "Mkwe, funga hilo tundu lako." Sikuuliza ni lipi alilomaanisha.

Baraza limeipiga familia faini ya nguruwe na makasha ya samaki wa kopo, kwa kosa la kujikweza. Picha ya Eliota imebandikwa kwenye ukuta wa ukumbi wa kanisa kwa muda, kwa sababu, alisema msemaji, kukosa sikio moja ni bora kuliko mtu mzima kukosekana. Eliota kanipita nikichota maji. Kanikaribisha nimwombe kazi ya kumbebea simu.

Lakini kinachoniuma si Eliota. Kinachoniuma ni baba mkwe kula chakula cha jioni akiwa amenipa mgongo, na Lupesina kukaa kati yetu kama daraja. Nimemtia aibu mzee wa watu. Lazima nirekebishe, na lazima iwe kwa kishindo.

Nina mpango. Mila yetu ina dawa ya kila kosa.

Jumamosi, 8 Juni

Nimefanya ifoga.

Najua. Ifoga hufanywa na mkuu wa ukoo, kwa damu iliyomwagika, kwa mambo ya kutisha. Unapiga magoti alfajiri mbele ya nyumba ya uliyemkosea, umejifunika mkeka mwembamba wa thamani, unangoja ainue mkeka au afanye atakavyo. Hakuna mila iliyosema haifai kwa picha. Nilichukua mkeka wa bibi yake Lupesina, ule unaolazwa chini ya godoro ili usikunjike. Lupesina alikuwa juu ya godoro. Nilimviringisha polepole, hakuamka.

Nikapiga magoti mbele ya nyumba ya Mulifusi, nikajifunika, nikajisikia mtu wa maana sana.

Kilichofuata nilikisikia tu, maana nilikuwa chini ya mkeka. Kwanza nyayo. Kisha nyayo nyingi. Sauti ya mwanamke ikauliza nani kaua. Mwingine akasema magoti yale ni ya Falaniko, ayajua, yamejaa alama za mbuzi. Mwingine akauliza basi kamuua nani. Wakaanza kuhesabiana. Fulani yupo, fulani yupo, fulani kachelewa kuamka lakini yupo. Kisha shangazi Taligalu akauliza Eliota yuko wapi.

Eliota hakuwepo.

Temukisa alipiga yowe moja ambalo limewaamsha hata wafu wa upande wa pili wa volkano. Akalia kwamba walikuwa wakigombana tangu Jumatatu. Akalia kwamba mumewe alikuwa mtu mpole, mwenye simu nzuri. Wanawake wakajiunga. Msemaji akaanza kutafuta maneno ya msiba. Nilisema kutoka ndani ya mkeka kwamba sijaua mtu, ni ile picha tu. Shangazi Taligalu akasema masikini, akili yake nayo imekwenda.

Nikasikia basi la kutoka mjini Salelologa likisimama. Kisha sauti ya Eliota, kinywa kimejaa mkate wa nazi, akiuliza nani kafa, ili naye alie.

Temukisa alimkumbatia, halafu akampiga kwa kandambili kwa kuondoka bila kuaga. Hapo mkeka ukainuliwa. Mulifusi mwenyewe, amejifunga lavalava, nyusi zimesimama. Alijaribu kukaza uso. Alishindwa. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi, na kijiji kizima kikacheka naye. Hata baba mkwe, aliyekuwa amekuja mbio na shati limeingia mkono mmoja, aligeuka kuutazama mti ili asionekane.

Mulifusi alisema mkewe ameipenda ile picha kuliko zote za ndoa yao, kwa kuwa ndani ya ukungu mumewe ana umri wa miaka thelathini. Amenisamehe. Faini imefutwa. Kesho baada ya ibada nipige nyingine, na hiyo ndiyo itakayoamua. Ila akanishika bega: "Kijana, mara hii nataka kila mtu aonekane. Mbele, nyuma, hadi nzi."

Baba mkwe alinipa mkono. Nilitaka kulia, na kweli nililia kidogo. Lupesina kanikumbusha kwamba mkeka unarudi chini ya godoro, na godoro leo nitalibeba mwenyewe.

Jumapili, 9 Juni

Ushindi mkubwa. Pia sijui kama ni ushindi.

Nilisamehewa umu ya leo ili nijiandae. Eliota alibaki jikoni peke yake na nguruwe, kakunja uso. Nilimpungia mkono.

Wakuu walikaa kwenye nguzo zao, wameoga, mavazi meupe. Nikaingia kwa tumbo. Mara hii nikalibana tundu mpaka likawa kama kitundu cha sindano. Ukilibana hivyo, kina cha picha kinakuwa kirefu kama barabara: cha mbele wazi, cha kati wazi, cha mbali wazi. Mwanga unapungua, kwa hiyo niliwaomba wakuu wasipumue. Wakakubali. Nikapiga. Kwenye kioo kidogo cha kamera kila uso ulionekana. Mulifusi na masikio yake yote. Nzi pia.

Chakula kililetwa. Mulifusi alipewa kipande cha mgongo, ambacho ni chake na si cha mwingine yeyote kijijini, akakitazama akasema nguruwe wa siku hizi wana migongo mifupi. Hakuna aliyelifikiria zaidi.

Jioni, baada ya ibada ya pili, kijiji kizima kwenye ukumbi, projekta ya shule ya Jumapili, picha yangu ukutani kubwa kama tanga. Watu wakashangilia. Nikapanda jukwaani. Nikaanza kuwaonyesha, nikikuza kipande kwa kipande. Huyu hapa msemaji, ona nyuzi za usinga wake. Huyu hapa nzi, ona miguu. Makofi. Nikasema kina hakiishii hapo, twendeni nyuma, nyuma kabisa, kwenye jiko, maana nyumba haina kuta na lenzi yangu haina mpaka. Nikakuza zaidi.

Mlangoni mwa jiko, wazi kama siku ya hukumu, alisimama Eliota. Mikononi mgongo wa nguruwe. Mdomoni mgongo wa nguruwe. Mafuta yanang'aa kidevuni, unaweza kuhesabu matone.

Kisha Mulifusi, taratibu, "Kumbe nguruwe hakuwa mfupi."

Nilikodoa macho kwa furaha. Sitakana. Eliota alijaribu kuniangalia kama mtu aliyesalitiwa. Nilimwonyesha nzi tena.

Jumatatu, 10 Juni

Baraza lilikaa asubuhi. Nilivaa shati la kanisani.

Mulifusi alisema picha yangu ndiyo bora iliyowahi kupigwa kijijini. Nikainama. Akasema itatundikwa ukumbini, ila sehemu ya jiko itafunikwa na saa. Nikainama tena. Kisha wakaja kwa Eliota. Mtu aliyekula mgongo wa mkuu hawezi kuaminiwa tena karibu na nyama. Ni marufuku Eliota kukanyaga jikoni au kusogelea umu, maisha yake yote. Eliota aliinamisha kichwa hadi magotini, mabega yakamtikisika. Wakuu wakamwonea huruma, wakidhani analia. Nayajua mabega yale. Hutikisika hivyo akicheka.

Msemaji akauliza, mwanamume mzima atafanya nini sasa, hawezi kukaa bure. Mmoja akasema si anazo picha zake. Mulifusi akasema vyema: Eliota ndiye apige picha za kijiji, Falaniko amwazime kamera na amfundishe mambo ya kina, mradi masikio ya watu yasiguswe.

Nikauliza, na umu?

Wakageuka wote. Baba mkwe akasema kwa fahari, fahari ya kweli kabisa, kwamba mkwe wake Falaniko ni mtu mwaminifu, aliyefichua wizi bila kujali udugu. Nguruwe wote wa jubilei wawekwe mikononi mwake. Na zamu za Eliota pia. Wakuu wakapiga makofi. Sijawahi kusifiwa hivyo maishani, na sijawahi kuumia hivyo.

Nimekuna nazi tangu mchana. Lupesina alikuja akakaa nami, akanisaidia kukamua tui, akasema nimejipalia makaa mwenyewe na sasa niyaote tu. Kasema baba yake anajivunia mimi, si ndicho nilichotaka. Akacheka, nami nikacheka, na kwa kweli palikuwa pazuri, moshi au bila moshi. Kasema nitulie sasa, niache mipango.

Nimetulia. Na katika kutulia nimeona jambo. Mtu akila mgongo wa mkuu, na ikaonekana, anafukuzwa jikoni maisha. Si ndivyo? Ni sheria sasa.

Nimeshazungumza na Eliota. Jumapili ijayo anawapiga wakuu kwa kamera yangu. Mimi nitasimama mlangoni mwa jiko, uso kwenye mwanga, mgongo mzima wa nguruwe mkononi, naumega bila haraka. Nimemfundisha jioni nzima: bana tundu, kina kiwe kirefu, mimi nionekane hadi meno. Eliota anasema yeye ukungu ndio unampendeza zaidi, ila ameahidi. Kauliza pia nani atapika sisi sote tukifukuzwa. Nikamwambia hilo ni la baba mkwe.

Lupesina anauliza nacheka nini. Nimemwambia ni sanaa. Nimeugeuza mpango huu kila upande na sijaona pa kukosea.